Ikilia, Nani Atakuja?

Vijana wanaokuja kwangu siku hizi na boksi la alamu kwapani huwa wananikuta barazani nachambua maharage. Wananiamkia, "Shikamoo, Mama King'ora," naitikia, na kabla sijawakaribisha vizuri wameshaanza kuchana gundi ya boksi. Nawaambia waliache kwanza. Nina swali moja kabla hatujafungua kitu: hii ikilia, nani atakuja?

Wengi wanacheka. Wananionyesha picha iliyochapwa juu ya boksi: nyumba kubwa yenye bustani, mwizi aliyevaa kinyago, na gari lenye taa za buluu linaingia getini. Nawaambia sawa, nyumba nimeiona, mwizi nimemwona. Sasa hilo gari kwenu Lembeni litapitia njia gani? Hapo nawavutia viti.

Jina la Mama King'ora sikujipa mwenyewe. Nilianza kazi ya kufunga alamu Moshi, kwenye kampuni ya mzee mmoja, halafu nikashuka Same nikafungua karakana yangu karibu na stendi, nikaifanya mpaka magoti yalipoanza kubishana nami kila nikiona ngazi. Mwanamke juu ya ngazi na dirili mkononi alikuwa kitu cha kutazamwa enzi hizo. Watu walikuwa wanasimama chini wakisubiri nianguke, na nilipokosa kuanguka wakanipa jina.

Zamani kazi yenyewe ilikuwa nyaya. Nyumba moja ilikula siku nzima, na ukuta wa mawe ulikula dirili. Sasa mnanunua kila kitu kwa simu, kinakuja kwa basi, mnabandika kwa gundi, mnapakua programu, mchana mmoja mmemaliza. Sina ugomvi na hilo. Vitu vya kufunga mwenyewe vimekuwa vizuri, vingine vizuri kuliko tulivyokuwa tunafunga sisi. Ninachowaonya ni kwamba boksi halijui unakaa wapi.

Chukueni sensa ya mwendo. Ile haimwoni mtu, inahisi joto la mtu linapopita mbele yake. Huku tambarare, mwezi wa pili, saa nane mchana, chumba kilichoezekwa bati bila dari kina joto sawasawa na la mwili wako. Mwizi atapita, atachagua, ataondoka, na sensa haina habari naye. Ukiielekeza dirishani, pazia lenye jua likipepea, inapiga kelele peke yake. Kwa mtu wa Same nasema hivi: weka tegemeo lako kwenye sumaku za milango na madirisha, na zifunge kwa skrubu, maana gundi ya kwenye boksi ikikutana na joto letu inateremka ukutani taratibu, na unakuja kuiokota sakafuni. Kwa mtu wa mlimani ni kinyume. Kule kuna baridi, sensa inafanya kazi vizuri, ila buibui wanaipenda. Buibui mmoja akitembea juu ya kioo chake ni jitu zima limeingia. Ipanguse.

Kihurio nilifunga ghala la mpunga. Panya wa mle walikuwa na afya. Mwenyewe alikataa niwaweke kwenye hesabu, akasema panya ni wadogo, sensa haitawajali. Iliwajali. Ililia mpaka akaizima, akaizoea ikiwa imezimwa, na wiki alipoibiwa ilikuwa imening'inia ukutani kwa amani. Alamu inayolia ovyo inawafundisha watu kutokuja, na hilo ni somo ambalo hawalisahau upesi.

Aliyenifundisha kuuliza nani atakuja ni yule mzee wa Moshi, Mzee Kiondo. Alikuwa mtu wa maneno machache na kofia moja. Kabla ya kufunga nyumba yoyote alikuwa anatutaka tuiingie kama wezi, mchana kweupe, ili tujue mahali pa kuweka nini. Siku moja alinituma nipite dirisha la jiko la mwalimu mmoja mstaafu. Mwalimu alikuwa ameambiwa, ila mkewe hakuambiwa. Niko nusu ndani nusu nje nikamwagiwa maji ya vyombo, ya moto kidogo, na mama akaita majirani kwa majina yao, mmoja mmoja, na wakaja. Mzee Kiondo alikaa kwenye ngazi akiwaangalia wanavyoingia getini. Halafu akamwambia yule mama, "Wewe ndiye alamu ya hii nyumba. Sisi tunaongezea tu." Mimi nilikuwa nimelowa mafuta ya samaki na sikuona busara yoyote. Niliiona baadaye, Hedaru.

Hedaru kulikuwa na mfanyabiashara wa vitenge aliyenunua king'ora kikubwa kuliko vyote alivyovikuta. Duka lake lilikuwa mita chache kutoka barabara kuu. Tukakijaribu mchana. Kikalia kwelikweli. Malori yakapita yakipiga honi, basi likapita likipiga honi yake ya nyimbo, muuza karanga hakugeuza shingo. Mtu mmoja tu ndiye aliyeshtuka: abiria aliyekuwa ameshuka kununua hindi la kuchoma. Alidhani basi lake linaondoka, akakimbia na hindi, akapanda basi la watu wengine. Tulikishusha king'ora, tukaweka kengele ndogo chumbani kwa jirani yake wa nyuma, muuza chipsi mmoja mwenye hasira za karibu, asiyependa kusumbuliwa. Huyo angekuja tu, hata kama ni kwa kugomba.

Mpaka hapo nilidhani somo nimelijua lote. Halafu ikaja habari ya dada yangu.

Dada yangu Nambua anaishi mlimani, upande wa Mbaga, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Nyumba iko chini kidogo ya njia, mgongo kwenye mteremko, uso kwenye bonde. Ana ng'ombe mmoja, shamba la tangawizi, cherehani ya kukanyaga, na sauti ya kwanza kwenye kwaya ya akina mama. Watoto wako Dar es Salaam. Mkubwa wao, Eliamani, ana duka la vipuri vya magari, ni kijana mwema na mkaidi, na ukaidi najua ameutoa wapi.

Mwaka juzi, msimu wa tangawizi, mtu aliingia kwa dada, dada mwenyewe akiwa ibadani, akabeba magunia yaliyokuwa yameshakaushwa. Eliamani alinipigia simu.

"Mama mdogo, shikamoo. Mimi nimeshaamua. Mama anakuja kukaa na sisi huku."

"Marahaba. Yeye ameamua nini?"

"Hajaamua. Ndiyo maana nimeamua mimi."

Dada aliwahi kukaa Dar kwa huyo huyo mwanawe. Aliporudi alinieleza kwamba alikuwa anakaa nyuma ya geti akisikiliza feni, na kwamba mkwewe ni mtu mzuri sana asiyemruhusu kushika hata sufuria. Alisema akirudishwa kule hatadumu. Hakulisema kwa kulia, alilisema akipepeta mchele, nami nilimwamini. Nilikuwa nimebakiza dada mmoja tu duniani, na nilimjua vizuri kuliko mwanawe anavyomjua.

Wakapatana hivi: Eliamani atafunga alamu. Ikithibitika kwamba mama yuko salama pale, atabaki. Isipothibitika, nyumba inafungwa, ng'ombe anapata mwenyewe mwingine, na mama anashuka mlima.

Krismasi alipanda na familia na boksi lake. Sikuitwa. Alitazama video kwenye simu, akafunga mwenyewe, na lazima niseme alifunga vizuri. Sumaku kwenye milango yote miwili, sensa sebuleni, king'ora chini ya paa, betri ya akiba ya siku umeme unapokatika, na programu ya kumletea ujumbe kwenye simu yake. Mimi nilipofika baadaye nikaikagua sikuona skrubu iliyolegea. Mwaka Mpya walishuka wote, akabaki dada na rimoti.

Ikawa siku moja asubuhi dada katoka kukata majani ya ng'ombe. Akarudi na mzigo kichwani, akasahau kuzima, akafungua mlango. King'ora kililia juu ya kichwa chake. Alishtuka, akarudi nyuma, akakosa ngazi, akaanguka na mzigo wake. Mguu ukateguka. Rimoti ilikuwa imeruka chini ya banda la kuku. Alilala pale kwenye majani akitazama paa lake likipiga kelele, akajisemea angalau watu watakuja.

Na watu walikuja. Walikuwa wanapita njia ya juu, wengi. Aliita, ila king'ora kilimshinda sauti. Aliona vichwa vyao na, juu ya vichwa, majembe. Walipita wote wakaenda zao.

Sasa ngoja niwaeleze ninyi msiotoka mlimani. Kule bado tuna msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji: kusafisha mfereji, kutengeneza barabara, kuchimba msingi wa darasa. Zamani mtu alikuwa anasimama juu ya mwamba akipuliza pembe. Siku hizi mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Sekiete, ana kipaza sauti cha mkononi, na kile kipaza sauti kina kitufe cha king'ora. Akikibonyeza asubuhi, mlima mzima unajua: chukua jembe, nenda kwenye ndiva, lile bwawa letu la kukinga maji ya mfereji. Usipotokea kuna faini.

Basi king'ora cha Eliamani kilipolia, wachapakazi wote walibeba majembe wakateremka kwenye ndiva. Wavivu, ambao kila kitongoji kinao, walifunga milango wakajifanya hawapo. Kwa namna hiyo mlima wote ulimsikia dada yangu, na hakuna aliyebaki wa kumwendea.

Kwenye ndiva walisimama wakisubiri maelekezo. Mwenyekiti naye akafika na jembe lake, anahema, anauliza nani amebonyeza kipaza sauti chake. Walibishana hapo muda mrefu, kila mtu akimtuhumu mwenzake, mpaka mama mmoja akawauliza kwa nini, kama kipaza sauti kiko begani kwa mwenyekiti, sauti bado inatoka kule juu. Ndipo walipopanda. Walimkuta dada ameshachoka kuita, anaimba nyimbo za kwaya kujipa moyo. Wakambeba ndani, mtu akakata waya, na dada akawachemshia chai kwa maelekezo akiwa kitandani.

Ujumbe wa programu ulimfikia Eliamani jioni. Nyumba ile iko kwenye kikwapa cha mlima, mtandao unaupata ukipanda mpaka kwenye mgomba wa tatu. Alinipigia.

"Mama mdogo, umesikia? Watu wamempita. Wamempita mama yangu amelala chini."

"Nimesikia."

"Basi. Pasaka naja na gari."

Sikubishana naye. Alikuwa na haki ya kuogopa, na mimi nilikuwa naogopa vilevile, ila yeye aliogopea mguu na mimi niliogopea mwenye mguu. Asubuhi yake nilipanda gari la mlimani. Nilikuwa nimestaafu, sikubeba hata bisibisi.

Jambo la kwanza nililofanya ni kumwomba Mzee Sekiete aniruhusu niseme na watu mwisho wa msaragambo uliofuata, ule wa kweli. Nikawauliza wakiwa wamekaa juu ya ukingo wa ndiva, miguu imejaa tope: mkisikia sauti gani mnakimbia?

Mzee Sekiete alitangulia kujitetea. "Kile kipaza sauti nimekabidhiwa na kijiji. Sauti yake siwezi kuibadilisha."

Nilimwambia hakuna aliyemshtaki. Tukaanza kuhesabu sauti. Kengele ya kanisa ni ibada au msiba. Rimu ya gari iliyoning'inizwa shuleni ni watoto. Honi ya lori ni mnunuzi wa tangawizi. Honi ya pikipiki ni pikipiki. Filimbi ni mgambo. Kila sauti tuliyoitaja ilikuwa na mwenyewe. Eliamani alinunua king'ora kizuri, akakileta mahali ambapo king'ora kilishapewa kazi nyingine.

"Tunakimbilia yowe," alisema yule mama aliyewauliza swali siku ile. "Mtu akipiga yowe tunaacha hata mtoto kwenye beseni."

Wote wakakubali. Mimi pia nilijua, nimezaliwa kule, ila miaka ya Same ilikuwa imeniziba masikio. Nikateremka mjini nikatafuta kifaa kinachotakiwa: king'ora cha kurekodi, ambacho badala ya kulia kwa mlio wake kinatoa sauti uliyokiwekea. Nikatafuta na kitufe cha kuvaa shingoni, kinachofanya kazi kwa mawimbi yake chenyewe bila kuhitaji mtandao wala bando. Hapo niwaambie jambo moja vijana: mkimchagulia mtu mzima alamu, msianze na mlango, anzeni na mtu mwenyewe. Mwizi wa tangawizi anakuja mara moja kwa msimu. Ngazi ya mlangoni ipo kila siku.

Nikapanda tena, nikakiweka kifaa mezani mbele ya dada, nikamwambia apige yowe nirekodi.

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo kanisani. "Yowe halipigwi kwa mchezo."

Nilikuwa nimesahau upande huo. Kule kwetu ukipiga yowe la uongo, watu wakaacha kazi zao wakaja wakakuta huna tatizo, umewakosea wote. Zamani ulikuwa unatoa pombe ya miwa. Siku hizi, kwa kuwa wengi tumeokoka, unawapikia wote waliokimbia mpaka washibe. Na aibu inabaki hata baada ya shibe, maana siku nyingine ukipiga watakumbuka.

"Basi piga kidogo," nilimwambia.

Akasogeza mdomo kwenye kifaa akasema, "Jamani, njooni." Tulipokirudisha kusikiliza, ilikuwa sauti ya mtu anayewaalika waumini kwenye chai baada ya ibada. Nilimwambia kwa sauti ile watakuja na vikombe. Tulicheka mpaka mguu ukamuuma. Akaniambia nipige mimi. Lakini mimi nimeshakuwa mtu wa tambarare, na watu wa kule wanamtambua mtu kwa sauti kabla ya kumwona, wangebaki wakiulizana huyo ni nani. Siku zikapita hivyo. Kifaa kikawa kinakaa mezani kimefunikwa kitambaa, na Pasaka inakuja.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka, gari la Eliamani likaonekana kwenye kona ya chini. Ni gari la mizigo, lile la dukani kwake, na dada alipoliona halina viti vya nyuma alijua limekuja kubeba vitu. Akakaa kwenye kigoda chake mlangoni, mguu umenyooshwa, akaendelea kumenya ndizi.

Eliamani alituamkia wote wawili kwa heshima, akala, akashukuru. Halafu akaanza kupakia. Alikuwa mpole kwa jambo lile, na upole wake ulifanya liwe gumu zaidi. Alimweleza mama yake chumba kilivyoandaliwa, dirisha lilivyo kubwa, daktari alivyo karibu. Godoro likatoka, dada akamenya ndizi. Sanduku la nguo likatoka, dada akamenya ndizi nyingine. Mimi nilikuwa nimekaa ndani mezani na kile kifaa mkononi, nakifuta vumbi, maana nilitaka nikirudishe dukani, na sikuwa na mahali pengine pa kuweka mikono yangu. Nilikuwa na huzuni, na nilikuwa na hasira kwa swali langu lenyewe. Jibu la nani atakuja nilikuwa nimelipata kabisa. Nilichokosa ni namna ya kuwaita.

Halafu Eliamani akashika cherehani. Aliibeba akaivusha kizingiti, mguu wa chuma ukakwaruza sakafu. Baba yake aliinunua ile cherehani mwaka waliooana, na watoto wote wa nyumba ile walisomeshwa kwa sketi za shule zilizopita chini ya sindano yake.

Dada alipiga yowe.

Nimesikia ving'ora vya kila aina, nimevifunga, nimevitoa. Ile sauti ilitoka chini kabisa ya kifua cha mwanamke mzee anayeimba sauti ya kwanza, ikapanda, ikavuka bonde, ikarudi. Ng'ombe alisimama. Eliamani alisimama na cherehani mikononi. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kurekodi, na kazi ni kazi, nikabonyeza.

Walikuja. Walitoka njia ya juu na njia ya chini na katikati ya migomba ambako hakuna njia. Mmoja alikuwa na panga, mmoja na mwiko wenye ugali, mmoja na povu la sabuni kichwani. Wale wavivu wanaojifungia siku ya msaragambo walikuwa wa mbele kabisa, na wanaume wawili walishafika begani kwa Eliamani kabla hawajamtambua. Mzee Sekiete alifika bila kipaza sauti na bila kiatu kimoja.

"Hatari iko wapi?" aliuliza.

"Hii hapa," dada alisema. "Nahamishwa."

Watu wakaangalia gari, wakaangalia cherehani, wakaangaliana. Nilijua wanawaza nini, kwa sababu hata mimi niliwaza: hili ni yowe la kweli au la uongo? Hakuna mwizi, hakuna moto, hakuna nyoka. Kuna kijana anayempenda mama yake na amebeba kitu kizito. Mzee Sekiete alikaa juu ya ukuta wa baraza akapumua kwanza. Mzee mmoja akasema kimya kimya kwamba hapa pana chakula cha kupikwa.

Yule mama wa siku ya ndiva ndiye aliyelimaliza. "Mtu anatolewa kwake hataki. Kama hilo si la yowe, niambieni la yowe ni lipi, nisije nikapiga bure siku yangu."

 Mzee Sekiete akasema faini haipo, na watu wakashusha walivyoshika.

Eliamani alikuwa bado ameshika cherehani. Alikuwa anawatazama mmoja mmoja, wengine amesoma nao, wengine walimchapa utotoni. Nadhani alikuwa anawahesabu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama mdogo, hawa wote wametoka wapi?" Nikamwambia hapa hapa. Alisimama kidogo zaidi, halafu akageuka akairudisha cherehani ndani, akaiweka pale pale penye alama za miguu yake sakafuni. Godoro lilirudishwa na wale wavivu. Dada alifuta macho kwa upande wa khanga, akawaambia watu wakae, ndizi zimeshamenywa. Kwa hiyo chakula kilipikwa vilevile, ila si kwa faini.

Jumatatu ya Pasaka Eliamani alipanda ngazi akafunga kile king'ora chini ya paa, mimi nikiwa nimeshika ngazi. Alifunga mwenyewe, kwa skrubu. Kitufe dada anavaa shingoni, pamoja na msalaba wake. Baada ya ibada tuliwaeleza watu wote pale nje ya kanisa, wajue kwamba lile likilia ni yeye, hata kama sauti itakuwa ileile kila mara.

Ni alamu pekee niliyowahi kufunga bila kuijaribu. Nimewafundisha mafundi wote waliopita kwangu kwamba kitu usichokijaribu hujakifunga. Lakini kule huwezi kujaribu, maana jaribio lenyewe ni yowe la uongo. Nilichofanya ni kuchomoa spika na kuunganisha visikilizi vya simu, nikasikiliza peke yangu jikoni. Sauti imeingia vizuri sana. Inapanda, inashika, inashuka. Na mwishoni, kabla kifaa hakijakata, kuna mguu wa chuma unagusa sakafu, halafu mwanamume mzima anasema kwa sauti ya mtoto, "Mama, basi. Basi, mama."

Nilimpa Eliamani naye asikilize. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua visikilizi, akatazama bonde. Kisha akaniuliza kama kile kipande cha mwisho kinaweza kufutwa. Nikamwambia haiwezekani, kifaa hakina uwezo huo.

Uwezo huo kinao. Ila ninyi msimwambie.